Kutengeneza gemu ya kufuga mnyama ukiwa Bukavu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayetengeneza gemu peke yake, au pamoja na rafiki mmoja anayejua kuchora, hapa Bukavu. Maswali ni yale yanayorudi kila mara vijana wa Ibanda, Kadutu na Bagira wanapoonyeshana kazi zao kwenye simu. Mfano unaotumika kote ni gemu ya kufuga simbilisi, mnyama ambaye watoto wengi wa Kivu Kusini wamemkatia majani kwa mikono yao. Anayetaka mbuzi, sungura au kuku atakuta kwamba majibu mengi hayabadiliki.

## Kuanza

Gemu ya kufuga mnyama ni gemu ya namna gani?

Mchezaji anapewa mnyama mdogo, anamlisha, anamsafisha, anacheza naye, na mnyama anakua. Hakuna adui wala mshindi. Mtu anaifungua kwa dakika mbili tatu, anaifunga, anaendelea na shughuli zake, na jioni anarudi kuangalia mnyama anaendeleaje.

Aina hii ilienea duniani kupitia Tamagotchi, kidude cha mfukoni cha kampuni ya Kijapani Bandai kilichotoka Novemba 1996. Nintendogs ya 2005 ilileta watoto wa mbwa kwenye mashine ya Nintendo DS. Neko Atsume ya 2014 ikaonyesha kwamba hata kungoja paka waje uani kula kunatosha kuwa mchezo. Wengi hapa waliijua kupitia Pou, iliyotoka 2012, au paka Tom wa Outfit7 anayerudia maneno unayomwambia.

Kiini chake ni kimoja: kuna kitu kinachopungua kadiri saa zinavyokwenda, na kuna tendo la mkono linalokirudisha. Nguo, vyumba na sarafu ni mapambo.

Mtu mmoja anaweza kuimaliza kweli?

Anaweza. Pou yenyewe ilitengenezwa na mtu mmoja, Paul Salameh wa Lebanoni. Kinachowashinda wengi ni kutaka wanyama kumi, duka, marafiki mtandaoni na vita vya wanyama kabla mnyama wa kwanza hajajua kula. Gemu ya mnyama mmoja, chumba kimoja na mahitaji matatu (shibe, usafi, furaha) inakamilika. Ukiona orodha yako inazidi hapo, kata.

Nianze na nini siku ya kwanza?

Usianze na mchoro. Weka mraba mmoja kwenye skrini, uite simbilisi. Weka namba moja juu yake, iite shibe. Namba ishuke polepole, na ukigusa kitufe ipande. Funga gemu, ifungue baada ya saa moja, uone kama namba imeshuka inavyotakiwa. Hicho tayari ni kiunzi cha gemu nzima. Mpe mdogo wako akiguse bila kumweleza lolote, utazame vidole vyake vinakwenda wapi.

Tena, jaribu kwenye simu mapema, usiridhike na kompyuta. Kitufe kinachoonekana kikubwa kwenye kompyuta kinaweza kupotea chini ya kidole gumba.

Nitumie injini gani?

Injini ni programu unayojengea gemu. Kwa hali ya hapa, chukua Godot. Ni ya bure kabisa chini ya leseni ya MIT, haidai sehemu ya mapato yako, haikulazimishi kufungua akaunti, na ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti. Unaweza kumpa mwenzako faili hilohilo kwenye flashi. Lugha yake, GDScript, ni nyepesi kwa anayeanza.

Unity ina masomo mengi zaidi na watu wengi wanaijua. Lakini Septemba 2023 kampuni yake ilitangaza ada itakayotozwa kila gemu inaposakinishwa, watengenezaji wakapiga kelele duniani kote, na mwaka mmoja baadaye ada ikafutwa. Mtu anayefanya kazi peke yake, bila mwanasheria, apende zaidi chombo ambacho hakuna kampuni inayoweza kumbadilishia masharti katikati ya safari.

Jambo moja la kujua kabla ya kununua mega (data ya intaneti): ili Godot itoe faili la Android, unahitaji pia violezo vya kusafirishia (export templates), pamoja na OpenJDK na Android SDK, vifaa vya kuundia programu za Android. Hivyo ndivyo vinavyokula mega kuliko injini yenyewe. Vichukue mara moja mahali penye intaneti nzuri, uvitunze kwenye diski ya nje, na uwagawie wengine.

Sina kompyuta, nina simu tu.

Godot ina toleo la kuhariri linalofanya kazi kwenye Android. Skrini ndogo inachosha macho, lakini kiunzi kilichoelezwa hapo juu kinawezekana. Kibodi ya kuunganisha kwa waya husaidia sana.

Lazima nijue kuchora?

Lazima ujue kuangalia. Simbilisi ni rahisi kwa mchoraji mchanga: hana mkia unaoonekana, miguu ni mifupi, mwili ni kama mkate. Uhai wake uko kwenye pua inayochezacheza, masikio, na ule mruko wa ghafla wa mtoto wa simbilisi akifurahi, anapoinuka na kujipinda hewani. Ukiweza kuchora mruko huo kwa picha nne, mchezaji ameshanaswa.

Krita, Inkscape na LibreSprite ni programu za kuchora za bure. Sauti, rekodi mwenyewe kwa simu: simbilisi akisikia majani yanakatwa au mlango wa jikoni unafunguliwa hupiga mluzi mwembamba unaopanda juu. Hakuna sauti ya kununua mtandaoni itakayomgusa mtoto wa Bukavu kama hiyo. Isafishe kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti.

## Mnyama mwenyewe

Kwa nini simbilisi, si paka au mbwa?

Paka na mbwa wamejaa kwenye duka la programu, na utashindana na kampuni zenye wachoraji mia. Simbilisi wa jikoni, anayekimbia chini ya kitanda akisikia hatua na kurudi akisikia majani, ni wa kwetu. Watoto wanamjua tabia kabla hujawafundisha, na wewe unaweza kumchunguza kwa jirani.

Ni mambo gani ya kweli yaingie kwenye gemu?

Chagua yale yanayozaa mchezo. Mwili wa simbilisi hauwezi kujitengenezea vitamini C, kama wetu sisi binadamu, kwa hiyo anahitaji majani mabichi kila siku. Hapo una kanuni nzuri: mabaki ya jikoni yanashibisha, lakini bila majani mabichi manyoya yake yanapoteza mng'ao. Mchezaji atagundua mwenyewe.

Pili, ni mnyama wa kundi, akiwa peke yake hunyong'onyea. Kumletea mwenzake kunaweza kuwa lengo kubwa la wiki ya kwanza. Tatu, mimba yake huchukua takriban siku 59 hadi 72, na watoto huzaliwa wakiwa na manyoya, macho yamefunguka, na baada ya muda mfupi wanatafuna majani. Siku hizo utazifupisha, lakini kumbuka kwamba huhitaji kuchora hatua ya kichanga kipofu. Nusu ya kazi imepungua.

Msimu nao unasaidia. Kiangazi cha Juni hadi Agosti majani yanakuwa haba. Katika gemu mchezaji anaweza kulazimika kwenda mbali zaidi, hadi kando ya ziwa, kuyatafuta. Fanya iwe safari, isiwe adhabu.

Hapa simbilisi anafugwa aliwe. Gemu ifanye nini na hilo?

Swali hili linaulizwa kwa aibu, na halistahili aibu. Simbilisi ni nyama ya nyumba nyingi, ni akiba ya mama, na ni mnyama anayebebeka familia ikilazimika kuhama. Gemu haina haja ya kuficha ukweli huo wala kuuonyesha. Mchezaji amempa mnyama wake jina, na mnyama mwenye jina, hata katika nyumba zetu, mara nyingi ndiye anayeachwa.

Ukitaka kugusa uchumi wa ufugaji, weka kuuza au kumpa jirani mtoto wa simbilisi. Kutoa zawadi ya dume na jike kwa nyumba nyingine ili nayo ianze kufuga ni jambo ambalo kila mtu hapa analielewa, na katika gemu linafungua ramani ya mtaa.

Naweza kuweka mtoto wa ngagi au sokwe kama mnyama wa nyumbani?

Tunaomba usifanye hivyo. Tuko karibu na Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa 1970 na kuwekwa kwenye Urithi wa Dunia 1980, kisha kwenye orodha ya urithi ulio hatarini tangu 1997. Watoto wa sokwe wanaoishia kwenye kituo cha kuwatunza cha Lwiro ni wale walionyang'anywa watu waliowashika au kutaka kuwauza, na ili mtoto akamatwe mama yake huuawa kwanza. Gemu inayomvisha sokwe nguo na kumlaza kitandani inafanya biashara hiyo ionekane jambo la kawaida. Kasuku wa kijivu yuko katika hali hiyohiyo. Biashara ya kimataifa ya kasuku huyo wa porini imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa nchi nyingi kuhusu biashara ya viumbe wa porini.

Ukitaka ngagi kwenye gemu, mchezaji awe mlinzi wa hifadhi au mtunzaji wa kituo, na lengo liwe mnyama kurudi msituni. Ni gemu nzuri, ila ni gemu nyingine.

## Wakati, umeme na mega

Mnyama afe mchezaji asipomlisha?

Tamagotchi ya kwanza ilikufa, na watoto wa shule walilia. Kwa gemu inayochezwa hapa jibu letu ni hapana, na tunalishikilia kuliko jibu lingine lolote kwenye ukurasa huu.

Fikiria kwa nini mtoto wa Kadutu anakosa kufungua gemu. SNEL imekata umeme tangu jana na simu imezimika. Mama ameondoka na simu sokoni tangu alfajiri. Simu imewekwa rehani. Familia imehama usiku. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ni uvivu wa mtoto. Ukimuua mnyama wake, umemwadhibu kwa makosa ya mtu mwingine, na umemwongezea msiba mtoto ambaye huenda ameshaona misiba ya kweli.

Mnyama aweze kungoja. Asipolishwa muda mrefu, ajikunyate kwenye kona ya majani makavu alale. Mchezaji akirudi baada ya wiki tatu, aamke, apige mluzi, ale mara tatu mfululizo. Baadhi ya wenzetu huogopa kwamba bila kifo hakuna msukumo wa kurudi. Lakini Neko Atsume haina kifo, na watu walirudi kwa mamilioni.

Hesabu moja inayofanya kazi vizuri: shibe ianze 100, ishuke 6 kwa saa mpaka 40, yaani saa 10. Kuanzia hapo ishuke 1 tu kwa saa, mpaka 20, na ikome hapo. Usiku wa kulala unaacha mnyama mwenye njaa ya kawaida ya asubuhi. Siku mbili bila umeme zinaacha mnyama aliye kwenye 20, sawasawa na yule aliyeachwa mwezi mzima.

Muda unahesabiwaje wakati gemu imefungwa?

Gemu haiendeshwi ikiwa imefungwa, na usijaribu kuilazimisha. Itamaliza betri na Android itaiua. Unachofanya ni kuandika saa ya mwisho. Gemu inapofungwa, hifadhi wakati wa sasa kwa sekunde za Unix, yaani sekunde zilizopita tangu mwanzo wa 1970, zilezile popote ulipo duniani, ambazo Godot hukupa kupitia `Time.get_unix_time_from_system()`. Inapofunguliwa, soma wakati mpya, toa wa zamani, na upitishe tofauti hiyo kwenye hesabu ya shibe kwa mkupuo mmoja.

Tumia sekunde za Unix, usitumie saa inayoonekana kwenye simu. Kongo ina majira mawili: Bukavu, Goma na Lubumbashi ziko saa moja mbele ya Kinshasa. Mchezaji akipanda ndege kwenda Kinshasa, saa ya simu inarudi nyuma, na gemu iliyohesabu kwa saa ya ukutani inaweza kudhani amefungua kabla ya kufunga.

Simu ikizimika ghafla, mnyama anapotea?

Anapotea ikiwa unahifadhi wakati wa kufunga tu. Hifadhi baada ya kila tendo: amelishwa, hifadhi, ameogeshwa, hifadhi. Faili lenyewe ni baiti chache. Hifadhi pia mchezaji anapotoka kwenda programu nyingine. Katika Godot ni taarifa ya `NOTIFICATION_APPLICATION_PAUSED`. Kwenye simu ya RAM ndogo, gemu iliyowekwa kando mara nyingi huuawa bila kuagwa.

Kuna hatari ya pili, isiyofikiriwa na wengi. Betri ikiisha wakati faili linaandikwa, unabaki na faili nusu, ambalo halisomeki. Kwa hiyo andika kwanza kwenye faili jipya, kwa mfano `simbilisi.tmp`, lifunge, kisha ndipo ubadilishe jina lichukue nafasi ya lile la zamani. Bakiza nakala ya lililotangulia kwa jina `simbilisi.bak`. Gemu ikianza na kukuta faili kuu limeharibika, isome nakala. Mchezaji atakuwa amepoteza mlo mmoja badala ya mnyama.

Mahali ambapo umeme huja na kuondoka bila ratiba, sehemu hii ndiyo gemu yenyewe. Ijaribu kikatili: lisha, na papo hapo shikilia kitufe cha kuwasha mpaka simu izime. Rudia hadi uchoke.

Mchezaji akisogeza saa mbele ili mnyama akue haraka?

Mwache. Hakuna anayeumia. Jilinde tu na hali ya kinyume: tofauti ikiwa chini ya sifuri, ihesabu kuwa sifuri, uandike wakati mpya. Baadhi ya simu zikiishiwa chaji kabisa huamka na tarehe ya zamani sana, na usipoweka kinga hii mnyama ataganda hadi simu ifikie tena tarehe ya mwisho.

Watoto wanne wanacheza kwenye simu moja. Nifanyeje?

Kila mmoja apate mnyama wake kwenye skrini ya kwanza: picha nne, majina manne, bila neno la siri. Wote wakishirikiana mnyama mmoja, mtoto mkubwa atamlisha asubuhi na wadogo hawatakuta kazi. Unaweza hata kuruhusu simbilisi wa mtoto mmoja kumtembelea wa mwingine.

Gemu itumie intaneti?

Isihitaji. Mega zinanunuliwa kidogo kidogo, na mzazi akigundua kwamba gemu inazila ataifuta. Kumkumbusha mchezaji pia hakuhitaji intaneti, maana taarifa zinaweza kupangwa ndani ya simu; kumbuka kwamba kuanzia Android 13 lazima uombe ruhusa kwanza. Maandishi yawe ya upole: "Nimeamka, nakungoja." Taarifa ya kumlaumu mtoto inaenda kinyume na yote yaliyosemwa kuhusu kifo hapo juu.

## Lugha na simu

Niandike Kiswahili gani?

Kile ambacho mchezaji wako atakisoma bila kukunja uso. Kiswahili cha mjini Bukavu kina mapigo yake, na mnyama anayezungumza kama watoto wa mtaa anapendeza. Ukilenga pia Tanzania na Kenya, tumia sanifu nyepesi. Weka Kifaransa kama chaguo la pili kwenye mipangilio, kwa ajili ya wazazi na walimu.

Amua mapema, kwa sababu inagusa msimbo, yaani maandishi ya programu. Ukiunganisha vipande, kwa mfano jina la kitu pamoja na "imeisha", karoti itakuwa sawa, lakini utapata "maji imeisha". Mjini wengi husema hivyohivyo; msomaji wa sanifu atakwazika. Dawa ni kuandika sentensi nzima kwa kila kitu: "Maji yameisha", "Majani yameisha", "Karoti imeisha". Jina la mnyama halisumbui, kwa kuwa kila mnyama "amekula".

Simu za wachezaji wangu ni dhaifu. Niangalie nini?

Tecno na Itel zenye RAM ya gigabaiti 1 au 2, nafasi imejaa picha na video za WhatsApp. Katika Godot chagua namna ya kuchora iitwayo Compatibility, inayotumia OpenGL ES 3.0, badala ya zile za Vulkan, ambazo simu kuukuu nyingi haziziwezi. Punguza ukubwa wa picha. Lenga gemu nzima isizidi megabaiti 50, na toa matoleo ya vichakataji vya biti 32 na 64: Play Store inadai la 64, simu kuukuu zinahitaji la 32.

## Kuitoa gemu

Play Store inadai nini?

Ada ya dola 25, mara moja tu, kwa kadi inayokubali malipo ya mtandaoni. Ndugu anaweza kukulipia, lakini akaunti iwe kwa jina lako na kitambulisho chako, kwa kuwa Google huhakiki. Faili liwe la aina ya AAB (Android App Bundle), kifurushi ambacho Play Store hukitumia kutengeneza faili la kusakinishwa kwenye simu.

Akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023 zina sharti la ziada: lazima gemu ijaribiwe na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuomba kuitoa hadharani. Awali walitakiwa 20. Waandae mapema, wenye akaunti ya Google na wasiobadilisha simu kila wiki. Alika zaidi ya 12, maana wawili watatu watajitoa.

Apple inadai dola 99 kila mwaka. Kwa mwanzo, achana nayo.

Naweza kuigawa bila Play Store?

Ndiyo, na hapa ndivyo gemu nyingi zinavyosafiri: faili la APK, lile linalosakinishwa moja kwa moja kwenye simu ya Android, kwa Bluetooth au kama hati ya WhatsApp. Itch.io, tovuti ya kugawia gemu, nayo inakupa ukurasa bure na inakuachia uamue asilimia ya mauzo utakayowapa. Kabla ya kugawa, soma swali la saini hapa chini.

## Pesa

Nitapata pesa?

Gemu ya kwanza, usiiwekee hesabu ya kodi ya nyumba. Matangazo hulipa kidogo sana kwa mchezaji mmoja, yanahitaji intaneti, na kwa gemu ya watoto Google inaruhusu mitandao ya matangazo iliyoidhinishwa tu. Ukiyaweka, yawe ya hiari, na kamwe yasimzuie mtoto kulisha.

Vitu vya kidijitali vinavyouzwa ndani ya toleo la Play Store kwa kawaida lazima vipitie mfumo wa malipo wa Google, unaochukua asilimia 15 ya dola milioni ya kwanza kwa mwaka. Kabla ya kuujenga, soma orodha ya Google ya nchi ambazo wauzaji wake hulipwa. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinafaa kwa toleo unalouza mwenyewe nje ya Play Store.

Njia tunayoiona ina matumaini zaidi ni kazi ya kuagizwa. Shule, mradi wa mifugo au kituo cha afya kinaweza kulipia gemu fupi ya kufundisha utunzaji wa wanyama au lishe. Simbilisi wako aliyekamilika ndiyo barua yako ya utambulisho.

## Kesi ngumu

Niliwagawia watu APK, sasa toleo la Play Store linakataa kuingia juu yake. Kwa nini?

Kwa sababu ya saini, alama ya kidijitali inayothibitisha nani ametoa faili, inayotengenezwa kwa faili la siri liitwalo ufunguo. Android hukubali tu sasisho lililosainiwa kwa ufunguo uleule. APK uliyogawa ilisainiwa kwa ufunguo wako. Ile ya Play Store husainiwa na Google kwa ufunguo wake, usipochagua vinginevyo. Mchezaji analazimika kuondoa ya zamani, na mnyama wake anaondoka nayo.

Kuna njia mbili. Unapoifungua gemu kwa mara ya kwanza kwenye Play Console, ukurasa wa Google wa watengenezaji, chagua kupakia ufunguo wako mwenyewe. Au anza na Play, kisha pakua kutoka humo APK iliyokwisha kusainiwa na Google, na hiyo ndiyo uigawe mitaani. Vyovyote vile, tunza faili la ufunguo na neno lake la siri sehemu mbili tofauti, moja ikiwa nje ya nyumba.

Nikusanye majina na umri wa watoto?

Usikusanye chochote. Jina la mnyama libaki ndani ya simu. Marekani ina sheria ya COPPA ya 1998 inayolinda walio chini ya miaka 13, Google ina masharti yake ya familia, na Kanuni ya Kidijitali ya Kongo ya 13 Machi 2023 inagusa data binafsi. Gemu isiyotuma kitu popote inapita kote kwa fomu fupi.

Naweza kutumia wimbo wa msanii wa hapa?

Kwa ruhusa ya maandishi, hata akiwa rafiki yako. Sheria ya Kongo ya haki za mwandishi ni ya 5 Aprili 1986. Andikeni ukurasa mmoja: wimbo gani, gemu gani, kwa muda gani, kwa kiasi gani, na saini mbili. Fanya hivyo pia na mchoraji wako, kabla ya mchoro wa kwanza.

Gemu yangu inafanana na Pou. Nina kosa?

Wazo la kulisha mnyama halina mwenyewe. Michoro, sauti, msimbo na jina vina mwenyewe. Usiite gemu yako Tamagotchi, na usichore mnyama wa kahawia wa pembetatu.

Nikichoka nayo, wachezaji inakuwaje?

Kila mwaka Google hupandisha toleo la Android ambalo gemu lazima ilenge. Usipoisasisha, wenye simu mpya hawataiona tena dukani, ingawa waliokwisha kuisakinisha wanaendelea nayo. Kwa gemu isiyotegemea seva yoyote, hilo halimwui simbilisi wa mtu. Kabla ya kuondoka, toa sasisho moja la mwisho linaloruhusu kunakili faili la mnyama kwenda simu nyingine, acha APK mahali pa wazi, na ukiweza uweke msimbo hadharani ili kijana mwingine wa Bagira auchukue.